Kuharisha Maji ya Mchele: Usingoje Kukuche

Maswali haya kuhusu kipindupindu, ugonjwa wa kuharisha maji meupe kama ya mchele, tunaulizwa na ndugu wa wagonjwa kutoka mialo na kambi za wavuvi huku Mwanza. Nayajibu kwa pamoja kwa sababu wengi wanatufikia wamechelewa.

Vijidudu ni nini hasa?

Ni viumbe visivyoonekana bila hadubini. Bakteria ana seli moja yenye ukuta, isiyo na kiini, na anazaana mwenyewe. Kirusi hata seli hana: ni chembe za urithi zilizofunikwa kwa protini, na hazaani mpaka aingie ndani ya seli yako. Amiba ni seli moja yenye kiini, kubwa kuliko bakteria. Kichocho, kinachotusumbua sana ziwani, huletwa na minyoo, na dawa yake ni nyingine kabisa.

Bakteria wa kipindupindu anamwangushaje mtu mzima kwa saa chache?

Huyu, *Vibrio cholerae*, amepinda kidogo na ana mkia mmoja wa kuogelea. Wengi hufa kwenye asidi ya tumbo. Wanaosalia hufika utumbo mwembamba, hujishikiza kwa vinyweleo vyao na kumwaga sumu. Hawautoboi utumbo. Sumu yao inazilazimisha seli za utumbo kutoa chumvi, na chumvi ikitoka, maji yanaifuata. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita 1 kwa saa. Kinachoua ni kuishiwa maji na chumvi.

Tukimpa maji si ataharisha zaidi?

Hapana. Tunaletewa mtoto midomo imekauka, analia bila machozi, ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi, halafu bibi anaeleza kwamba wamemnyima maji tangu jana ili tumbo lifunge. Bibi, tumbo halifungi kwa kiu! Maji yanatoka kwa sababu ya sumu, unywe usinywe. Ukimnyima, yanayotoka hayarudishwi, basi.

ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa pakiti unaochanganywa na maji, inafanya kazi kwa sababu sumu haigusi njia ambayo utumbo unafyonza sukari pamoja na chumvi, na maji hupita humo humo. Pakiti moja, lita 1 ya maji safi. Huna pakiti? Lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Usizidishe chumvi. Mchanganyiko uliolala siku nzima umwagwe. Akitapika, subiri dakika 10 kisha endelea kidogo kidogo kwa kijiko. Anayenyonya aendelee kunyonya. Mtoto apewe pia zinki kama mhudumu atakavyoelekeza, siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma.

Tumeshanunua flajili, bado tuje?

Njooni. Flajili inaua amiba na baadhi ya bakteria wanaoishi pasipo oksijeni. Bakteria wa kipindupindu hayumo, na kirusi hayumo. Hata dawa iliyo sahihi hairudishi maji yaliyopotea. Kumeza vidonge viwili kisha kukaa kusubiri matokeo ndiko kunakotuletea watu ambao mshipa wa kuwekea dripu hauonekani tena. Acheni jambo hili.

Maji ya ziwa mbona ni maangavu?

Uangavu si usafi. Wengi walioambukizwa hawaugui sana, ila kinyesi chao kina bakteria, na mtu huyo akijisaidia kwenye mawe ya ufukweni, ndoo ya jirani inachotwa hapo hapo. Kuchuja kwa kitenge hakutoshi. Chemsha mpaka yatokote au weka dawa ya klorini, na hifadhi kwenye chombo chenye mfuniko.

Tuko kisiwani, ni usiku. Tusubiri mtumbwi wa asubuhi?

Msisubiri. Choo cha maji meupe kama ya mchele, macho yaliyozama, mkojo uliokatika, au mtu asiyeweza kusimama: tafuteni chombo usiku huo huo, kwa usalama, na piga simu kituo cha karibu wajiandae. ORS ianze nyumbani na iendelee ndani ya mtumbwi, maadamu mgonjwa anaweza kumeza. Atakayeshika matapishi au kinyesi anawe kwa sabuni mara moja. Mkifika, semeni getini kwamba ni kuharisha na kutapika. Msikae foleni.