Saa nane ya nani? Wanafunzi wa nje na elimu ya afya kijijini

Kila mwaka vyuo vya Ulaya na Marekani vinapofunga, kati ya Juni na Agosti, mimi napokea wageni. Ni afisa afya huku Pwani, upande wa Bagamoyo, na wanafunzi wa nje wanaojitolea kutoa elimu ya afya katika vijiji vyetu wanapitia mikononi mwangu. Huja wanne au watano kwa mkupuo. Wa uuguzi, wa biolojia, na safari moja alikuja wa uhandisi, ambaye nitamrudia. Wanakaa wiki nne hadi sita. Wengi wana adabu, wanachapa kazi, na "shikamoo" wameshaikariri ndani ya ndege.

Wanachokihofia ni kwamba hawajui malaria vya kutosha. Malaria wanaijua. Wasichokijua ni saa.

Msimu mmoja walinitengenezea bango la dawa mseto. Picha safi kabisa: mama, mtoto, chandarua. Chini yake, kwa Kiswahili walichopewa na simu: "Dozi ya kwanza saa 8 asubuhi, ya pili saa 8 usiku." Walikusudia saa mbili. Kwetu hesabu ya saa inaanza jua linapochomoza, kwa hiyo saa nane asubuhi haipo, na saa nane usiku ni muda wa wanga. Kina mama walicheka hadi wakashika mbavu, bango likashushwa, yakaisha.

Kosa lililonitoa jasho lilikuwa kwenye sentensi isiyo na kosa. ALu, ndiyo hiyo dawa mseto tunayoitumia kwa malaria isiyo kali tangu 2006, humezwa mara sita ndani ya siku tatu: dozi ya kwanza papo hapo, ya pili baada ya saa nane, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. "Baada ya saa nane" ni Kiswahili sanifu, nasi wenyewe tumekisema miaka yote. Mama mmoja mwanawe alianzishiwa dawa saa nne asubuhi. Dozi ya pili ilitakiwa saa kumi na mbili jioni. Yeye alimpa saa nane na nusu mchana, maana aliambiwa baada ya saa nane, na saa nane ilikuwa imeshapita. Mtoto hakudhurika, lakini mimi usiku ule sikulala vizuri. Ni wangapi walishafanya hivyo bila sisi kujua?

Aliyenitoa gizani ni mhudumu wetu wa afya ngazi ya jamii, mama mtu mzima wa kitongoji hichohicho. Wahudumu wapya, wa mpango uliozinduliwa Januari 2024, wanapitia mafunzo rasmi. Huyu alifundishwa na kijiji. Akaniambia, "Bibi Afya, mwambie masaa manane." Mwalimu wangu wa Kiswahili angenichapa, kwa sababu saa haina wingi wa ma-. Lakini mtaani saa nane ni wakati na masaa manane ni muda, na hakuna anayechanganya. Tangu siku hiyo mimi nasema masaa bila aibu, halafu namalizia kwa kutaja saa yenyewe: umempa saa nne, basi mpe tena jua likizama, na kabla ya kidonge anyonye au anywe maziwa, maana dawa hii inafyonzwa vizuri ikikuta mafuta tumboni.

Mwanafunzi wa kigeni hawezi kulijua hilo kwa wiki sita. Mtanzania anayemtafsiria angeweza, lakini naye kasoma afya kwa Kiingereza. Huyo ndiye ninayemkaba zaidi. Akisikia mgeni anazungumzia mwili kuishiwa maji, yeye anatoa "upungufu wa maji mwilini", na kina mama wanaitikia kwa heshima tu. Sema mtoto amekauka. Sema utosi umebonyea, macho yameingia ndani, analia bila machozi, ukimfinya ngozi ya tumbo inarudi polepole. Hapo utaona mtu anamgeuza mwanawe mgongoni amtazame.

Halafu kuna degedege. Vitabu vyao vinasema malaria kali inaweza kumletea mtoto degedege, nao wanaifundisha hivyo. Tafiti zilizofanywa Bagamoyo miaka ya 1990 zilikuta wazazi wakiyatenganisha haya mawili kabisa: homa ya malaria ni ya hospitali, degedege linaletwa na shetani anayepita usiku kwa sura ya ndege, na mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa. Imani hiyo imepungua sana, haijahama. Kijana anaposimama chini ya mwembe na kutangaza kwamba malaria ndiyo inayoleta degedege, bibi aliyekaa nyuma anamsikia kama mtu aliyesema mwavuli ndio unaoleta mvua.

Zamani nilikuwa nabishana na mabibi hao. Nimeacha, tena baada ya kukaa na kufikiri sindano imeingiaje humo. Mtoto akistuka usiku alipelekwa kwanza kwa mganga, akafukizwa, kukakucha. Alipofikishwa kwetu alikuwa hajitambui, sukari imeshuka, damu imekwisha. Akachomwa sindano, akafa mbele ya watu. Walioshuhudia walirudi nyumbani na jambo waliloliona kwa macho yao. Sasa huyo unamwambiaje kwamba sindano ya artesunate, dawa ya malaria kali, ndiyo ingemwokoa, kama ingewahi? Nikimweleza mgeni mzunguko huo, dharau inamtoka usoni.

Kwa hiyo siku hizi nawatuma wakaulize. Mtoto akistuka usiku, nyumba hii inafanya nini kwanza? Nani anaamua? Nauli ya bodaboda iko kwa nani, na baba akiwa yuko baharini? Majibu wanamletea mhudumu, naye ndiye anayesema siku ya kliniki, kabla ya kupima uzito: mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, mkimbize zahanati usiku huohuo. Mengine mtayafanya akirudi. Shetani hatumtaji.

Nidokeze na mambo ya karatasi, kwa wanaoniandikia wakitaka kuleta vikundi. Kujitolea si utalii, viza ya matembezi haitoshi. Wanaojitolea wanaombewa kibali cha ukaazi daraja C. Kabla ya kijiji kuna mganga mkuu wa wilaya, kuna mtendaji wa kijiji, kuna mwenyekiti wa kitongoji, na mganga mfawidhi wa zahanati asisikie habari zenu kwa watoto wa shule. Picha za wagonjwa na watoto msipige kiholela, tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2022. Na elimu ya afya haina sindano. Wakala mmoja alishatuletea vijana wa mwaka wa pili walioahidiwa kwamba huku watazalisha wajawazito. Kwao wasingeruhusiwa hata kufunga kidonda peke yao. Niliwapeleka kuchimba mashimo ya vyoo, na baadaye wawili walinishukuru.

Sasa yule wa uhandisi. Wenzake walikuwa wamefundisha vizuri tu kuhusu kuharisha: pakiti moja ya ORS (ule unga wa chumvi na sukari), lita moja ya maji safi na salama, mtoto anyweshwe kidogokidogo kwa kijiko, akitapika subiri dakika kumi uendelee, yanayobaki yakifikisha siku nzima yamwagwe. Na zinki, kidonge kimoja kila siku kwa siku 10 hadi 14, nusu kidonge kwa aliye chini ya miezi sita, hata kama kuharisha kumekoma. Kina mama wakaitikia. Yeye alikuwa kimya nyuma. Tulipokuwa tunarudi akaniuliza, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Lita moja ni ipi hapa?"

Nilitaka kujibu nikakosa. Miaka yote hiyo nasema lita moja, sijawahi kuuliza mtu anaipimia nini. Kesho yake tukaingia nyumba kwa nyumba na yule mhudumu. Tulikuta chupa za maji za lita moja na nusu, chupa za nusu lita, makopo, vikombe vya bati, masufuria, na karibu kila nyumba jagi la plastiki lisilo na alama yoyote. ORS tunayotumia leo ilipunguzwa chumvi na sukari 2002 kwa pendekezo la Shirika la Afya Duniani: gramu 2.6 za chumvi na 13.5 za glukosi kwa lita. Pakiti hiyo ukiitia kwenye nusu lita, chumvi inazidi mara mbili kwa mtoto ambaye tayari amekauka. Ukiitia kwenye lita moja na nusu umemnywesha maji yenye ladha ya dawa. Kipimo ndicho dawa yenyewe, nasi tulikuwa tunagawa pakiti bila kipimo.

Binti yule hakufundisha somo lingine mpaka anaondoka. Alitembea na chupa ya nusu lita na msumari. Anamimina chupa mbili ndani ya jagi la nyumba, anapasha msumari kwenye jiko la mkaa, anachora mstari maji yalipofika. Mhudumu ndiye anayezungumza, yeye anachora. Nyumba ikiwa na mafundo ya maswali wanakaa, kama haina wanapita.

Juzijuzi nilipita kwenye mojawapo ya nyumba hizo kwa jambo jingine, la choo. Jagi lilikuwa limening'inizwa msumarini ukutani, mpini umekatika, mstari upo. Nikaomba maji ya kunywa, mjukuu akalinyanyukia. Bibi akamkemea kutoka uani: "Siyo hilo, hilo la dawa!"