Sio kila mfupa unaouma ni saratani imesambaa

Mama anayetibiwa saratani ya matiti akisema mifupa inamuuma, watu washaanza kunong'ona eti imefika mifupani. Sio lazima jamani! Vidonge vya kutibu saratani hiyo kama letrozoli na anastrozoli vinashusha estrojeni (homoni ya kike), na estrojeni ndo inalinda mifupa, kwa hiyo mifupa inapungua uimara na viungo vinauma, halafu jeni (vinasaba) nazo huenda zinachangia, mfano jeni ya CYP19A1 inayohusika kutengeneza estrojeni inatofautiana mtu na mtu, ndo maana pengine wawili wanameza dawa ileile mmoja anateseka mwenzie yuko fresh. Ila maumivu yasiyoisha, hasa ya usiku, usikae nayo, mwambie daktari akupime, ulizia na kipimo cha DEXA cha uimara wa mifupa, na tafadhali dawa usiache kimyakimya.