Mchanga wa dagaa kwenye bakuli la mbwa

Juzi mama mmoja wa Kirumba, hapa Mwanza, alinijia na mbwa wake, tumbo gumu, siku ya tatu hajapata choo. "Dokta, huyu simpi uchafu. Anakula dagaa wa soko la Mwaloni." Nikamuuliza kama huwa anawaosha. Akanishangaa: "Wa mbwa nao waoshwe?" Eksirei ilionyesha utumbo mweupe kwa mchanga.

Waoshwe, tena kuliko wa kwetu. Dagaa wengi wa ziwani huanikwa juu ya mchanga ufukweni, na wale wa bei ya chakula cha mifugo ndio wenye mchanga zaidi. Sisi tukisikia chembe kwenye jino tunatema, mbwa humeza tu. Wa mbwa wangu nawamwagia maji ya uvuguvugu, nawakoroga, nawaacha kidogo mchanga utuame, kisha nawaopoa kwa mkono. Usimwage sufuria nzima kwenye chujio, mchanga wote utawarudia. Narudia mpaka chini ya sufuria pawe safi, ndipo nawachemsha. Kuchemsha ni lazima, kwa sababu baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na mbwa anayewala kila siku anaweza kuanza kuyumba, hata kupata degedege. Moto hukimaliza.

Mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki baada ya minofu kutolewa, nayo ni chakula kizuri, ila yachemshwe, uchuje supu, uchambue nyama kwa vidole. Miiba ya sangara hukwama kooni na kutoboa utumbo. Mifupa usiifukie bustanini, mbwa ataifukua usiku huohuo. Ukipika ugali wa mbwa kwa supu hiyo, weka na nyama au dagaa wa kutosha. Ugali na supu pekee hushibisha tumbo huku misuli inakwisha. Mabaki ya mchuzi wenu acheni. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, hata vikiwa vimepikwa.

Nikiwa nasubiri ile picha ya eksirei nilimpapasa mbwa wa yule mama masikio. Kupe, wengine wamevimba kama punje za kunde.

Hapa nawaomba sana wafugaji wa Mwanza. Dawa ya josho la ng'ombe isipimwe kwa macho na kumwagiwa mbwa. Nimepokea mbwa walioogeshwa hivyo wakiwa wamelegea, mate yanatiririka, mapigo ya moyo yako chini. Nunua dawa iliyoandikwa kuwa ni ya mbwa, mpime uzito, fuata kipimo. Na usiishie kwenye ngozi. Kupe wa mbwa akishashiba huanguka, hupanda ukutani na kutaga maelfu ya mayai kwenye nyufa, kwa hiyo banda lisipotibiwa, baada ya wiki chache unaanza upya. Kila jioni pitisha vidole ndani ya masikio, chini ya mkanda wa shingoni, katikati ya vidole vya miguu. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja bila kumminya.

Halafu inua mdomo, tazama fizi. Zikiwa nyeupe, au mbwa anatoka damu puani, ana homa na hataki kula, mlete siku hiyohiyo, kwani magonjwa ya kupe hula damu haraka. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39.2, hivyo usiseme ana homa kwa kumgusa tu.

Kuoga, mara moja kwa mwezi inatosha kwa wengi, kwa sabuni ya mbwa, si sabuni ya unga, na masikio yakaushwe. Msiwapeleke ziwani. Ninyi mnaosimama majini ndio mnaopata kichocho.

Mama wa Kirumba hakuwa na kadi ya chanjo. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza hakina tiba, kwa mbwa wala kwa mtu. Chanjo huchomwa kuanzia miezi 3, kisha hurudiwa kila mwaka. Mtu akiumwa na mbwa, oshea jeraha maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali, hata kama mbwa ni wa nyumbani.

Mbwa wake alipata choo jioni ile baada ya dripu na enema, yaani maji ya kulainisha choo yanayoingizwa kwa nyuma. Sindano ya kichaa sikumchoma akiwa mgonjwa. Nimempa wiki mbili apate nguvu, na tarehe nimeiandika kwenye kadi mpya.