Darubini janja na kazi ya kurundika mwanga

Swali ninaloulizwa kila mara kuhusu darubini janja, yaani zile zenye kamera zinazojielekeza zenyewe angani na kutuma picha kwenye simu, ni "inakuza mara ngapi?" na kusema kweli kwa hizi mashine kukuza sio habari yenyewe. Chukua Seestar S50, mojawapo ya hizo, lenzi yake ina upana wa milimita 50 tu, ila ielekeze kwenye M51, galaksi (kundi kubwa mno la nyota) iliyo mbali sana, usiku wenye giza zuri, baada ya dakika chache unaiona kwenye simu na mikono yake ya nyota imejiviringisha kabisa.

Mikono hiyo ilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1845, na aliyeiona ni mtazamaji wa nyota Lord Rosse huko Ireland. Mtazamaji wa nyota Mfaransa, Charles Messier, alishaikuta M51 tangu 1773 ila kwake lilikuwa kama kiwingu tu. Rosse akajenga darubini yenye kioo cha madini cha mita 1.8, bomba lake kama mita 16 limekaa kati ya kuta mbili za mawe, alafu akawa anapanda juu gizani anachungulia na kuchora kwa mkono. Mchoro wake uweke pembeni ya picha ya leo, utamheshimu yule mzee.

Sasa kwa nini yeye alihitaji mita 1.8 na wewe milimita 50 zinakutosha? Ni jicho. Jicho halitunzi mwanga, linapokea kidogo na kabla sekunde haijaisha limeshaanza upya, hata ukodoe usiku kucha. Sensa, yaani kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, inatunza. Inapiga picha ya sekunde 10, inapiga nyingine, na nyingine tena, alafu programu inazilaza nyota juu ya nyota na kujumlisha. Mwanga wa galaksi unaangukia palepale kila picha, wakati zile chengachenga za picha, vidoti visivyo vya galaksi, zinaruka ovyo, kwa hiyo kwenye picha 100 mwanga unakuwa mara 100 na chenga zinakuwa kama mara 10 tu, ndo hapo mikono inaanza kujitokeza. Mimi hiki kitu napenda kukiangalia moja kwa moja kwenye skrini, dakika baada ya dakika, ni raha sana.

Ujanja mwingine ni kujua inatazama wapi: inapiga picha ya anga, inalinganisha mpangilio wa nyota na ramani iliyonayo, inajirekebisha, na kwa vile anga inaonekana kuhama digrii 15 kila saa mota zinaifuata. Picha ambayo nyota zimevutika inatupwa.

Ila kwa sayari usitegemee makubwa. Mshtarii una mwanga tele, shida yake ni udogo, na hapo ndo kukuza kunahitajika kweli, kwa hiyo darubini ya kawaida ya kuchungulia yenye kioo kipana itakupa zaidi. Galileo aliiona miezi yake minne Januari 1610 kwa jicho kwenye lenzi, na wewe utaiona hivyohivyo. Na Jua, usielekeze darubini yoyote huko kabla hujafunga filta yake mbele ya lenzi.