Kifua kikuu hakiambukizwi kwa kikombe
Mkoani Tabora, kama kwingineko, bado zipo nyumba ambamo mgonjwa wa kifua kikuu hutengewa kikombe na sahani yake, kwa imani ya tangu zamani kwamba ugonjwa huu hupitia vyombo. Imani hiyo si sahihi. Bakteria wake, ambao Robert Koch aliwatangaza mwaka 1882, husafiri hewani ndani ya chembechembe ndogo zinazotoka mgonjwa wa mapafu anapokohoa, nazo huweza kuelea kwa saa kadhaa katika chumba kisichopitisha hewa. Kwa hiyo kinachowalinda wanafamilia ni dirisha lililo wazi na dawa zinazomezwa kikamilifu, kwa kawaida miezi 6. Kumtenga mtu wakati wa chakula humfanya afiche kikohozi chake, na hilo, kwa maoni yangu, ndilo la kuogopwa zaidi.

Mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma, magonjwa ya bakteria wa jamii moja, ulianza mwaka 1977. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, wagonjwa wapya nchini walipungua kutoka 306 kwa kila watu 100,000 mwaka 2015 hadi 195 mwaka 2022, na waliochangia ni wagonjwa waliogunduliwa mapema wakatibiwa, pamoja na waishio na VVU waliopata dawa.