Boriti Yako Haikutoka Melini

Wiki iliyopita, kwa mara ambayo sijui ni ya ngapi, mwenye nyumba ya kale ya shambani huko Kent, Uingereza, alininyoshea kidole boriti ya sebuleni na kunieleza, kwa fahari ya mtu anayemtaja babu yake, kwamba ilikuwa ya meli ya kivita. Ushahidi ni ule ule: imepinda, ni nyeusi, ina matundu yasiyo na kazi.

Boriti ni ya mwaloni uliochongwa ungali mbichi, ukakaukia mahali pake na kujipindia humo. Weusi ni masizi ya moto uliowaka katikati ya ukumbi kabla ya kujengwa dohani, au ni rangi iliyopakwa karne ya 19.

Matundu ndiyo yanayonichosha. Nilipanda ngazi nikapitisha kidole chini ya boriti, nikakuta safu ya matundu ya mviringo ambamo zilichomekwa fito za ukuta uliokandikwa udongo. Hatua moja mbele yapo manne ya mraba, yaliyokaa kimshazari, ambayo yalishika nguzo ndogo za dirisha lisilo na kioo. Huo ulikuwa ukuta wa nje, ukavunjwa nyumba ilipoongezwa chumba kwa nyuma. Taruma la meli, yaani ubavu wake wa mbao, huwa na matundu ya misumari mikubwa na madoa ya kutu, tena limechongwa kufuata tumbo la chombo, na sijui fundi gani angelitaka kwa ukuta ulionyooka. Kwenye kiungo cha nguzo patasi imeandika IIII, na mkono wa kutegemeza una IIII yake: fundi aliunga fremu chini, akaipa namba, akaifumua na kuisimamisha hapo.

Nakiri kwamba kule Wickham, Hampshire, kipo kinu cha kusagia nafaka kilichojengwa mwaka 1820 kwa mbao za Chesapeake, meli ya Marekani iliyotekwa mwaka 1813. Nakiri pia kwamba mbao za mabanda yaliyobomolewa zilitumiwa tena mara nyingi, na kuzitambua si rahisi kama tunavyojifanya. Pete za mti, zinazoongezeka moja kila mwaka, hutaja mwaka wa kukatwa ikiwa tu ile ya mwisho chini ya gome imesalia. Hapa ilikwisha kuliwa na wadudu, kwa hiyo niliandika “karne ya 16” kwa kutazama viungo tu, wala singekula kiapo.

Mwenye nyumba alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama, basi, ilikuwa meli ya biashara.