Kusoma Machafuko ya Ndani ya Adui: Taarifa za Kiintelijensia Wakati wa Vita

Nchi mbili zikiwa vitani, jeshi halihesabu vifaru na mizinga ya upande wa pili tu. Linataka pia kujua kama wananchi wa huko wamechoka, kama mkate unapatikana, kama askari wanalipwa mishahara, na kama kuna kikosi kinachoweza kuwageuzia bunduki viongozi wake. Habari za aina hiyo, zikishakusanywa, zikapimwa na kufikishwa kwa makamanda na wakuu wa nchi, ndizo zinazoitwa taarifa za kiintelijensia kuhusu machafuko ya ndani ya nchi nyingine.

Kazi hii si uchochezi, ingawa mara nyingi hufanywa na watu walewale. Kanali Akashi Motojiro alikuwa mwambata wa kijeshi wa Japani mjini St. Petersburg. Vita kati ya Japani na Urusi vilipoanza mwaka 1904 alihamia Stockholm, na kutoka huko akawapa wapinzani wa Tsar, mfalme wa Urusi, fedha za kununulia silaha. Baadhi ya silaha hizo zilipakiwa kwenye meli John Grafton, iliyokwama pwani ya Finland mwaka 1905. Huyo hakuwa akisoma machafuko peke yake, alikuwa akiyagharamia. Hatari yake iko wazi: anayelipia uasi ana kila sababu ya kuwaandikia wakubwa zake kwamba uasi unaendelea vizuri.

Habari zenyewe hutoka sehemu za kawaida kuliko watu wanavyodhani. Mateka huhojiwa. Watoro wa jeshi na wakimbizi wanaovuka mpaka huulizwa bei ya chumvi, foleni za mafuta, nani amekamatwa kijijini. Barua hufunguliwa posta. Magazeti ya adui husomwa hadi kurasa za matangazo, na redio zake husikilizwa usiku na mchana; Uingereza ilianzisha kitengo cha BBC cha kufanya hivyo mwaka 1939. Mawasiliano ya kijeshi hunaswa. Wanadiplomasia wa nchi zisizo vitani husimulia waliyoyaona. Jasusi aliyejificha ndani ya wizara yupo pia, lakini ni mmoja kati ya wengi.

Ugumu unaanzia kwenye kupima. Chukua mfano wa askari mtoro anayefika mpakani usiku na kusema kwamba nusu ya kambi yake imekataa kwenda mstari wa mbele. Majeshi mengi ya Magharibi hutumia utaratibu wa alama mbili: herufi A hadi F kwa mtoa habari, namba 1 hadi 6 kwa habari yenyewe, A na 1 zikiwa alama bora kabisa. Mtoro huyu hajulikani, kwa hiyo anapewa F, maana yake uaminifu wake hauwezi kupimwa. Habari yake haijathibitishwa na mtu mwingine na ukweli wake bado hauwezi kupimwa, kwa hiyo inapata 6. Wiki moja baadaye mawasiliano ya redio yanaonyesha kambi hiyohiyo inaomba kamanda mpya haraka. Sasa namba inaweza kupanda hadi 3 au 2, lakini herufi inabaki palepale. Alama hizo mbili hazichanganywi kwa sababu mwongo anaweza kusema kweli, na mtu mwaminifu anaweza kudanganywa.

Hata habari ikiwa ya kweli tupu, bado kuna swali kubwa zaidi: ina maana gani? Hapa ndipo tathmini nyingi zilipoanguka. Malalamiko ni kitu kimoja, mgomo ni kingine, na uasi ni kingine kabisa. Watu wanaweza kuichukia serikali yao kwa miaka na wasifanye lolote, kwa kuwa hawana kiongozi, hawana silaha, au wanaogopa jirani. Mchambuzi mzuri haulizi tu watu wana hasira kiasi gani. Anauliza: wakitoka barabarani kesho, askari aliyeamriwa kuwapiga risasi atatii?

Petrograd, kama St. Petersburg ilivyoitwa wakati huo, mwanzoni mwa 1917, inaonyesha kosa la upande mmoja. Balozi wa Uingereza, George Buchanan, alikwenda kwa Tsar Nikolai wa Pili tarehe 12 Januari na kumwonya ana kwa ana kwamba amepoteza imani ya watu wake. Ndipo ukaja ujumbe mzito wa nchi washirika wa Urusi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Lord Milner, waziri katika baraza la vita la Uingereza, akiwaongoza Waingereza. Milner alikaa Urusi wiki kadhaa, akakutana na wakubwa, akarudi London na tathmini kwamba maneno ya mapinduzi yalikuwa yametiwa chumvi. Tarehe 8 Machi wanawake wa viwanda vya nguo waligoma na kudai mkate. Siku nne baadaye kikosi cha Volynsky, kilichokuwa kimewafyatulia waandamanaji risasi, kiliasi, na vikosi vingine vikafuata. Tarehe 15 Machi Tsar alijiuzulu. Milner aliwasikiliza sana watu wa ikulu na wanasiasa. Askari wa kambi za mjini, wengi wao wapya na wasiotaka kupelekwa vitani, hawakuwa na nafasi katika ratiba yake.

Kosa la upande wa pili, la kuona uasi usiokuwepo, sisi wa Afrika Mashariki tunalo karibu zaidi, na nadhani halisomwi vya kutosha. Idi Amin alimpindua Milton Obote tarehe 25 Januari 1971. Obote alipewa hifadhi Tanzania, na wafuasi wake wakapiga kambi huku wakijiandaa kurudi. Tarehe 17 Septemba 1972 zaidi ya wapiganaji elfu moja walivuka mpaka kuelekea Masaka na Mbarara. Mpango mzima uliegemea imani moja: kwamba wakionekana tu, wananchi na askari wa Uganda watainuka pamoja nao.

Hawakuinuka. Ndege ya East African Airways iliyochukuliwa Dar es Salaam ili ipeleke wapiganaji Entebbe iliishia Kilimanjaro, matairi yamepasuka. Waliofika Mbarara walikuta kambi inayojilinda, na kwa siku chache jambo likawa limekwisha. Oktoba, Tanzania na Uganda zikatia saini makubaliano Mogadishu.

Waliotoa matumaini hayo hawakuwa wajinga. Walikuwa wakimbizi wenye uchungu wa kweli, wanaozijua habari za nyumbani kupitia ndugu na marafiki waliowaza kama wao. Lakini mambo mawili yalihitaji kuandikwa katika tathmini yoyote ya mwezi ule. La kwanza, askari wa Kiacholi na Kilangi, ambao ndio wangetazamiwa kumuunga mkono Obote, walikuwa wameuawa kwa wingi mwaka 1971 katika kambi za Mbarara na Jinja. Wengi wa wale waliotegemewa kuasi hawakuwa hai. La pili, mwezi mmoja kabla, Agosti 1972, Amin alikuwa ametangaza kuwafukuza Waasia ndani ya siku 90, na hatua hiyo, kwa ubaya wake wote, ilimpa sifa kwa Waganda wengi kwa wakati ule. Chuki dhidi yake ilikuwepo, lakini saa yake haikuwa imefika.

Gharama ya tathmini hiyo haikuishia mpakani. Siku nne baada ya uvamizi, Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa na askari kwenye Mahakama Kuu, Kampala, asionekane tena. Wengi walioshukiwa kuwa upande wa Obote walimfuata. Nchi inapotarajia uasi ndani ya nchi nyingine, watu wanaotajwa katika matarajio hayo ndio wanaobaki kule kukabiliana na matokeo.

Uingereza na Marekani nazo zilianguka katika shimo hilohilo mwaka 1944. Baada ya jaribio la kumuua Hitler tarehe 20 Julai, ilikuwa rahisi kuamini kwamba Ujerumani inavunjika kama ilivyovunjika Novemba 1918. Mwanzoni mwa Septemba wachambuzi wa intelijensia walikadiria kwamba upinzani wa kijeshi uliopangwa usingevuka Desemba mosi. Katikati ya Desemba Wajerumani walianzisha shambulio kubwa katika misitu ya Ardennes, Ubelgiji, na vita vikaendelea hadi Mei 1945. Baada ya vita, uchunguzi wa Marekani kuhusu mashambulizi ya mabomu ulionyesha kwamba raia walikuwa wamekata tamaa kwelikweli, lakini waliendelea kwenda kazini chini ya dola ya polisi.

Turudi Uganda, 1978. Safari hii dalili zilikuwa za aina nyingine. Makamu wa Rais, Mustafa Adrisi, aliumia katika ajali ya gari mwezi Aprili, na wafuasi wake jeshini wakashuku kwamba haikuwa ajali. Mgawanyiko ukaingia ndani ya vikosi vyenyewe. Jeshi la Uganda lilipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba, wengi walisema Amin anatafuta kuwaunganisha askari wake kwa vita vya nje. Kwa msomaji wa taarifa, ufa ndani ya jeshi una uzito kuliko maandamano kumi.

Hata hivyo Januari 1979, Obote alipowaita Waganda wainuke, mwitikio ulikuwa mdogo. Machi kundi la wapiganaji lilivuka Ziwa Victoria hadi Tororo, likashika mji kwa muda mfupi, likafukuzwa. Wananchi wa Kampala walijaa barabarani kushangilia tarehe 11 Aprili, wanajeshi wa Tanzania na wa UNLF, muungano wa Waganda wa uhamishoni waliompinga Amin, walipoingia mjini, wakati askari wa Amin walikuwa wameshakimbia.